Chuo, jumba, jukwaa au mitindo: kijana wa Uganda ashindanie lipi kwenye televisheni?

Mpwa wangu wa Walukuba, mtaa wa hapa Jinja, ana miaka 21. Anakodi kiti katika saluni ya kusukia nywele, anaimba vizuri kuliko anavyosuka, na simu yake haiishi matangazo ya mashindano ya televisheni. Siku zote ananiita mjomba. Akitaka nauli ananiita Kojja, kwa Kiluganda, maana anajua nikiitwa hivyo sina pa kukimbilia. Juzi alikuja na swali lisilo la nauli: "Mjomba, katika haya, mimi niingie lipi?"

Kazi yangu ni mitambo. Nakodisha spika, mikisa na maiki hapa Jinja na vitongoji vyake: kwanjula (sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa familia), arusi, kampeni, mahubiri ya uwanjani. Nimewapandishia na kuwashushia sauti waimbaji wa kila daraja, nikaona nani anaitwa tena na nani haitwi. Jibu nililompa lilikuwa refu kuliko alivyotaka, nikaona bora niliandike na wengine walisome.

Kwanza tusilinganishe majina, kwa sababu majina hayadumu. Big Brother Africa ilianza 2003 na mara ya mwisho ilikuwa 2014. Tusker Project Fame ilianza 2006 ikaishia 2013. Africa's Next Top Model ilitupa mshindi 2013, na East Africa's Got Talent ikaja 2019 kwa msimu mmoja. Likifa moja, mdhamini mwingine anazua jingine lenye taa zilezile. Aina ndizo zinazorudi, nazo ni nne: chuo cha kuimba ambako unafungiwa na kufundishwa, jumba la kamera ambako unafungiwa bila kufundishwa chochote, jukwaa la vipaji ambako unapewa dakika zako na kurudi nyumbani, na shindano la wanamitindo. Kipimo changu kwa zote nne ni kimoja: asubuhi ya pili baada ya fainali, ni nani anayekungoja mlangoni akiwa na kazi ya kukupa?

Chuo cha kuimba

Hiki ndicho mpwa wangu alichokuwa nacho moyoni, na ndicho Uganda ilichong'ara. Tusker Project Fame ilikuwa inakusanya vijana wa Afrika Mashariki Nairobi, wanaishi pamoja, wanafundishwa sauti na namna ya kusimama jukwaani, kisha mwisho wa juma wanaimba na bendi mubashara mbele ya majaji. Juliana Kanyomozi wetu amewahi kukalia kiti kimojawapo, pembeni ya Ian Mbugua wa Kenya aliyekuwa hana huruma. Watazamaji wanapiga kura kwa ujumbe wa simu, anayebaki nyuma anafunga begi.

Katika misimu sita ya kawaida Uganda ilishinda miwili: Esther Nabaasa mwaka 2008 na Davis Ntare 2010. Kenya nayo miwili, Valerie Kimani 2006 na Ruth Matete 2012. Rwanda ilimtoa Alpha Rwirangira 2009, naye akarudi kushinda pia ule wa wakongwe mwaka 2011. Burundi ilimtoa Hope Irakoze 2013. Tanzania haikupata hata mmoja, ingawa Peter Msechu alimfuata Ntare kwa karibu na kumaliza wa pili. Kwa nchi ambayo majirani wanaicheka kwa Kiswahili chake, rekodi yetu si haba.

Sasa washa redio. Hapa Jinja naisikiliza kutwa nikichomelea waya, na nikihesabu nyimbo za washindi hao sita dhidi ya za Jose Chameleone peke yake, Chameleone anawafunika wote kabla ya saa sita mchana. Hakupitia chuo. Aliimba vyake, Kiluganda na Kiswahili humohumo, na mpaka leo ukienda Busia upande wa Kenya utakuta dereva wa lori anaujua wimbo wake kuliko anavyoijua namba ya gari lake.

Tofauti haiko kwenye sauti, maana sauti za Nabaasa na Ntare hakuna wa kuzibeza. Nitaeleza nilichokiona kwenye kwanjula moja kule Bugembe. Familia ilileta waimbaji wawili. Wa kwanza alikuwa binti mwenye sauti ya kukutoa machozi. Aliimba wimbo wa polepole wa Kimarekani, ule ambao kila mshiriki wa kila shindano huuimba, na hakukosea hata pumzi moja. Watu walipiga makofi ya adabu, sahani za matoke zikaendelea kuzunguka. Akafuata kijana mwenye sauti ya kawaida tu. Maiki yangu ilibidi niiongezee mwangwi kumsaidia. Akanipa flashi yenye ala za wimbo wake mwenyewe, wa Kiluganda, kuhusu mwanamume anayemlaumu shemeji kwa kuchelewesha mahari. Hata kiitikio hakijafika, mama mmoja mwenye vazi la gomesi la zambarau ameshainuka, anamtia noti za elfu tano mfukoni mwa koti, moja, mbili, tatu. Wenzake wakamfuata foleni. Yule binti alikuwa anatazama akiwa ameshika sahani yake. Nikamwona anahesabu.

Hilo ndilo tundu la chuo cha kuimba. Kwa wiki nane au zaidi unafundishwa kuimba vya watu, kwa Kiingereza, mbele ya bendi ambayo hutaweza kuilipa ukirudi nyumbani. Ukishinda unaingia soko linalonunua wimbo wako, kwa lugha ya mtaa wako, na wenye soko hilo hawakutazama hata kipindi kimoja. Promota wa Kampala hakuulizi ulishinda nini. Anauliza wimbo gani unapigwa.

Ila chuo kina jambo ambalo hayo mengine matatu hayana: unatoka ukiwa fundi. Alpha Rwirangira alikwenda kuusoma muziki Campbellsville, Kentucky, huko Marekani, na sidhani kama mlango huo ungemfungukia bila jina alilotoka nalo Nairobi. Aliyepita chini ya mwalimu wa sauti namjua nikimfungia maiki: anajua umbali wa kuishika, hapulizi ndani yake kama anapoza chai.

Kabla ya hayo yote kulikuwa na mwaka 2004. Shindano la Coca-Cola Popstars halikutafuta mwimbaji mmoja, lilitafuta kundi kwa kila nchi. Kenya ikapata Sema, kundi la kina Sanaipei Tande. Tanzania ikapata Wakilisha: Witness, Langa na Shaa. Sisi tukapata Blu*3, mabinti watatu: Jackie Chandiru, Lilian Mbabazi na Cindy Sanyu. Mdhamini mmoja, mwaka mmoja, mashine moja. Mkitaka kulinganisha kitu na kitu, mfano ni huu. Sema na Wakilisha hazikukaa. Blu*3 ilidumu miaka, na mimi nasema ni kwa sababu iliingia sokoni mapema: ikatoa nyimbo zake, ikaimba na kina Radio na Weasel, waimbaji wawili wa hapa Uganda, ikawa kundi la Kampala badala ya kundi la tangazo la soda. Hata hivyo nayo ilivunjika. Cindy alitoka na nafasi yake ikachukuliwa, kisha kila mmoja akashika njia yake. Cindy leo ndiye anayejiita King Herself, na amewahi kuwa rais wa Chama cha Wanamuziki wa Uganda. Sanaipei akawa mtangazaji na mwigizaji. Shaa akasimama peke yake. Yaani mashine iliunganisha watu watatutatu, na wengi waliofika mbali walifika mmojammoja. Ukiingia shindano la kuundiwa kundi, ingia ukijua kwamba kundi ni basi na wewe utashuka kabla ya mwisho wa safari.

Jumba la kamera

Hapa niliongea kwa sauti ya chini kidogo, maana mama yake alikuwa jikoni.

Mwaka 2003, kwenye Big Brother Africa ya kwanza, vijana 12 wa nchi 12 walifungiwa siku 106 Afrika Kusini, kamera zikiwaka usiku na mchana. Zawadi ilikuwa dola 100,000, akaichukua Cherise Makubale wa Zambia. Wa kwetu alikuwa Gaetano Kagwa. Hakushinda. Lakini waulize watu wa umri wangu Kampala ni nani alikuwa Big Brother ya kwanza. Watakutajia Gaetano hata kabla hujamaliza swali, na Cherise watamkumbuka kwa kusukumwa. Gaetano alipendana na Abby wa Afrika Kusini mbele ya bara zima. Akabadilishwa kwa siku chache na Cameron wa jumba la Uingereza, yeye akaenda huko na Cameron akaja Afrika. Huyo Cameron ndiye baadaye alishinda kwao.

Gaetano aliporudi alikaa nyuma ya maiki ya redio, na hapo ndipo hoja yangu inaposimama. Jumba linafundisha watu sauti yako, vicheko vyako na namna unavyobishana. Hiyo ndiyo bidhaa ambayo redio inauza kila asubuhi. Kwa hiyo kazi ilikuwa inamngoja mlangoni hata bila kitita. Akawa mtangazaji wa Capital FM, akaongoza Tusker Project Fame, na mwaka 2019 akakalia kiti cha jaji East Africa's Got Talent. Miaka 16 baada ya kuondoka jumbani bila taji, yeye ndiye aliyekuwa anawaambia washiriki kama wanaendelea au wanakwenda nyumbani.

Uganda haijawahi kushinda Big Brother Africa. Tanzania imeshinda mara mbili, Richard Bezuidenhout 2007 na Idris Sultan 2014, wakati huo zawadi ikiwa imefika dola 300,000. Idris naye alikuwa na mdomo wa kazi: akaenda kwenye vichekesho na uigizaji. Mwenye kipaji cha kuongea, jumba linamlipa. Asiye nacho anatoka na umaarufu usio na kazi ya kuubeba, na umaarufu wa namna hiyo unachacha upesi kama maziwa yaliyosahauliwa juani.

Gharama yake mnaijua. Mwaka ule wa kwanza Bunge la Malawi lilipiga marufuku kipindi kile kisirushwe, na hata hapa viongozi wa dini walilalamika kwa sababu ya kamera za bafuni. Mwaka 2009 Mganda mmoja alifukuzwa jumbani kwa kumpiga mshiriki mwenzake, na hasira ya dakika moja ikaonekana nchi zaidi ya kumi. Kwenye chuo cha kuimba watu wanakumbuka ulipokosea noti. Jumbani wanakumbuka ulipokosea utu. Na kwa binti wa Uganda kuna jambo moja zaidi: Ssenga, yaani shangazi yake anayemfunda, ana televisheni.

Jukwaa la vipaji

East Africa's Got Talent ilikusanya Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda mwaka 2019. Mshereheshaji alikuwa Anne Kansiime wetu; majaji Jeff Koinange, Vanessa Mdee, DJ Makeda na Gaetano. Zawadi dola 50,000. Wakaibuka watoto wawili wa Uganda, ndugu wa tumbo moja, Esther na Ezekiel Mutesasira, na mimi niliyekuwa nimesema watoto hawawezi kuwashinda watu wazima nikanyamaza wiki nzima.

Aina hii ni nyepesi kwa mshiriki. Hufungiwi miezi. Unakuja, unafanya chako, unarudi, ukipita unaitwa tena. Wanaofaidi ni wale ambao hakuna shindano jingine linalowajua: wachezaji, wanasarakasi, watoto, vikundi. Mfano mkubwa uko ng'ambo. Ghetto Kids wa Kampala walipanda Britain's Got Talent mwaka 2023, na jaji Bruno Tonioli akashindwa kungoja wamalize, akabonyeza kitufe cha dhahabu wakiwa katikati ya kucheza. Halijawahi kutokea kwenye kipindi kile. Fainali walishika nafasi ya sita. Aliyeshinda ni mchekeshaji Viggo Venn wa Norway.

Watu wanaisimulia habari hiyo kana kwamba watoto wale waliokotwa London. Wapi! Walianza na mwalimu wao Dauda Kavuma, dunia ikawaona 2014 kwenye video ya mwimbaji wetu Eddy Kenzo, na 2017 wakacheza kwenye video ya rapa French Montana iliyopigwa Kampala. Walipofika kwa Waingereza walikuwa na miaka tisa ya kazi. Shindano halikuwaanzisha, liliwapandishia bei. Kwa mwimbaji wa peke yake ambaye ndiyo anaanza, jukwaa hili lina udhaifu: unaweza kuimba kama malaika na akafuata mtu anayekula moto, na kura zikaenda kwa moto.

Mitindo

Hapa ningeweza kupita haraka, kwa sababu mpwa wangu ana futi tano na inchi tatu na mlango ule una kiwango cha chini cha urefu. Lakini ukiniuliza ni mshindi gani wa Uganda ambaye shindano lilimfikisha kazini moja kwa moja, namtaja Aamito Lagum.

Alishinda Africa's Next Top Model ya kwanza, 2013, ile iliyoongozwa na Oluchi wa Nigeria. Akaenda New York, akachukuliwa na wakala wa DNA Models, akaanza kutembea kwenye majukwaa ambayo wengi wetu hatukujua hata kuyatamka. Februari 2016 kampuni ya vipodozi ya MAC iliweka kwenye Instagram picha ya midomo yake peke yake, yenye rangi ya zambarau iliyokolea, iliyopigwa nyuma ya jukwaa kwenye wiki ya mitindo ya New York. Wabaguzi wakamiminika kutukana midomo ile. Naye akawajibu kwa utani kwamba midomo yake inawakosesha usingizi, na maelfu ya wanawake weusi wakaweka picha za midomo yao kumuunga mkono. Nakumbuka dada yangu, mama wa huyuhuyu mpwa, alinionyesha picha ile akasema, "Hii midomo ni ya kwetu kabisa."

Linganisha sasa. Mshindi wa kuimba anarudi Kampala kutafuta meneja, prodyuza, promota na dijei, na kila mmoja kati ya hao ana mtu wake tayari. Mshindi wa mitindo anakabidhiwa kwa wakala ambaye kazi yake ni kumtafutia kazi, katika mji ambako kazi hiyo ipo kila wiki. Ndiyo maana namweka Aamito juu. Si kwamba alikuwa na kipaji kuliko Nabaasa. Upande wa pili wa mlango wake kulikuwa na ofisi, na wa mwenzake kulikuwa na barabara.

Pesa, kura na karatasi

Kitita huwapofusha watu. Shilingi milioni 5 za Kenya alizopata mshindi wa Project Fame zilikuwa, kwa bei ya 2010, karibu milioni 140 za kwetu. Dola 50,000 za 2019 zilikuwa kama milioni 185, na hizo ziligawanywa na ndugu wawili. Ni pesa. Lakini Gaetano, ambaye hakuchukua hata moja kati ya hizo dola laki moja, amefanya kazi zaidi ya miaka ishirini kwa jina lilelile.

Na uliza zinalipwa lini. Miaka kadhaa nyuma nilifunga mitambo kwenye shindano dogo la kuimba huku mashariki, silitaji. Fainali ilipendeza, mshindi akapigwa picha na hundi ya kadibodi ndefu kama mlango. Mimi nililipwa nusu. Miezi minne baadaye mshindi mwenyewe alinipigia simu, sauti ya upole kabisa, akaniuliza kama ninapajua anapokaa mwandaaji. Hundi bado alikuwa nayo, alisema, ameiegemeza nyuma ya kabati kwa sababu haikunjiki. Kwa hiyo mashindano ya mitaani ninayapima kwa swali hili tu: mshindi wa mwaka jana yuko wapi, na nipe namba yake.

Kura nazo hazifanani. Big Brother Africa ilihesabu kila nchi kuwa kura moja, kwa hiyo Mganda alihitaji kupendwa na Namibia sawasawa na Nigeria. Project Fame ilihesabu ujumbe wa simu, mmoja mmoja. Kwenye mfumo wa pili Kiswahili ni mtaji. Kenya na Tanzania ndiko waliko watu wengi wa kutuma ujumbe, na mshiriki wa Uganda anayeweza kuwasalimia kwa lugha yao bila kubabaika tayari ana kura ambazo mwenzake wa Kampala hana. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya pili ya nchi hii tangu katiba ilipobadilishwa 2005. Lakini kaagize chai kwa Kiswahili Wandegeya, Kampala, uone utakavyotazamwa kama askari, maana wengi huko wanakihesabu lugha ya jeshi. Sisi tuliokulia Walukuba, katikati ya watoto wa wafanyakazi wa viwandani kutoka pande zote, tumekipata bure. Nilimwambia mpwa wangu: hapo unawashinda wengi kabla hujafungua mdomo kuimba.

Halafu karatasi. Kila aina ina mkataba, na mkataba unasainiwa siku ambayo akili imeruka. Chuo cha kuimba ndicho cha kuogopwa zaidi hapa, kwa sababu kinaweza kugusa nyimbo zako za kesho. Angalia wanakufunga kwa muda gani, wanachukua asilimia ngapi ya shoo, na wimbo utakaoandika ukiwa humo ni wa nani. Sheria ya hakimiliki ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mtunzi haki yake, lakini ukiisaini kwenda kwa mwingine umeisaini. Nyimbo ulizo nazo zisajili UPRS, shirika la haki za watunzi wa muziki Uganda, kabla ya kupanda basi. Kwenye jumba na kwenye jukwaa la vipaji hatari iko kwenye picha yako na jina lako, basi. Kwenye mitindo iko kwenye asilimia ya wakala na nani analipa pango la New York miezi ambayo hakuna kazi.

Kuna njia ya tano, nayo ni kutoshindana. Eddy Kenzo hakupewa taji na jaji yeyote. Alitoa wimbo, akawaweka watoto wa mtaani wakacheza, akachukua tuzo ya BET 2015, na baadaye akawa Mganda wa kwanza kuteuliwa Grammy. Njia hiyo haina usaili, ila haina tarehe pia, na kijana wa miaka 21 anapenda kitu chenye tarehe.

Nilivyomshauri

Nilimwambia, kwa sauti yako na kwa Kiswahili chako, nenda chuo cha kuimba kikitangazwa kizuri, chenye bendi na walimu. Lakini rekodi kwanza nyimbo zako tatu, angalau moja ya Kiluganda, uwe nazo kwenye flashi siku unayotoka, ushinde usishinde. Jukwaa la vipaji liwe la pili. Jumba usahau, wewe si mwongeaji, ukikasirika unanyamaza siku mbili, na kamera haina la kufanya na mtu aliyenyamaza. Mitindo tumeshacheka.

Akanisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake. Kisha akasema ataenda jukwaa la vipaji.

Nikamuuliza kwa nini, baada ya maneno yote haya.

"Mjomba, chuo ni miezi miwili. Kiti cha saluni ninalipia kwa wiki. Nikikaa wiki mbili bila kulipa anapewa mwingine, na wateja wangu wanakaa naye. Nikitolewa wiki ya tatu ninarudi wapi?"

Nimelinganisha pesa, kura, mikataba na majina ya watu wa nchi nyingi. Hilo la kiti sikuwa nimelifikiria.